Bwawa lenye madoa: tahadhari kabla ya kutumia tindikali

Si kila doa la bwawa la kuogelea lahitaji tindikali. Jaribu kwanza brashi na klorini. Yakikataa, na bwawa ni la plasta, hapo tindikali yafaa. Bwawa la faiba au la plastiki usiliguse nayo.

Kwetu pwani, hatari huanza kwenye kumwaga maji. Karibu na bahari maji ya ardhini yako juu, hasa wakati wa masika. Bwawa likiwa tupu, maji hayo hulisukuma kutoka chini, likapasuka au kuinuka. Subiri kiangazi, na fundi apime kwanza kina cha maji ya kisima kilicho karibu.

Klorini yote isuuzwe kabla ya kazi. Ikikutana na tindikali hutoa gesi ya sumu, nzito kuliko hewa, inayotuama shimoni pale pale alipo mfanyakazi.

Anayeosha avae glavu na buti za mpira, miwani na barakoa ya kuchuja gesi; kitambaa hakitoshi. Mwenzake abaki juu akimwangalia. Tindikali humiminwa ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya tindikali. Ukuta uloweshwe, upakwe, usuguliwe, kisha usuuzwe baada ya nusu dakika hivi.

Maji yaliyobaki chini yatiwe magadi mpaka yaache kutoa povu. Hata hivyo yasielekezwe kisimani wala baharini.

Kibarua hulipwa ujira wa siku moja tu, bali mapafu yakiungua ni ya maisha. Barakoa ainunue mwenye bwawa.