Sumu Inayotoa Zahabu Katika Jiwe

Mama anayejua kazi yake hapiki mihogo michungu siku ile ile ya kuing'oa. Huimenya, huiloweka majini siku tatu au zaidi, kisha huianika juani. Kwa nini? Kwa sababu mihogo hiyo ina sumu. Sumu ya ukoo huo huo, jina lake sianidi, hutumiwa na watu wa migodi kutoa zahabu na feza katika mawe.

Zahabu ya mtoni haina shida kubwa. Mtu hutia mchanga katika karai, huuzungusha majini. Mchanga mwepesi huenda zake, na zahabu, kwa kuwa ni nzito, hubaki chini. Lakini zahabu nyingi imefungwa ndani ya jiwe gumu. Vipande vyake ni vidogo kuliko unga, hata jicho halivioni. Mara nyingi katika tani nzima ya mawe zimo gramu chache tu, uzito wa pete moja!

Zamani wachimbaji walisaga mawe, wakapitisha unga wake juu ya zebaki, kwa maana zebaki hushika zahabu. Lakini huko Johannesburg, katika Afrika ya Kusini, karibu na mwaka 1890, migodi ilifika chini zaidi, penye mawe yenye kiberiti kingi. Hapo zebaki ikashindwa. Zahabu nyingi ikatupwa pamoja na matope, na watu wakaogopa kwamba migodi itafungwa.

Kumbe dawa ilikwisha patikana. Mwaka 1887, katika mji wa Glasgow, John Stewart MacArthur na waganga wawili ndugu, Robert na William Forrest, walionyesha kwamba sianidi huyeyusha zahabu. Mwaka 1890 njia yao ikajaribiwa Johannesburg, ikafaulu. Hata matope yaliyotupwa yakafanyiwa kazi tena.

Kazi yenyewe ni hii. Unga wa mawe hutiwa katika pipa kubwa kama nyumba, pamoja na maji yenye sianidi kidogo sana. Hewa hupulizwa ndani, kwani bila hewa sianidi haiwezi kuishika zahabu. Chokaa pia hutiwa, na mtu asiisahau: maji yakiwa makali kama ndimu, sianidi hugeuka hewa ya sumu iuayo watu. Basi zahabu huyeyuka kama chumvi katika mchuzi: imo, lakini haionekani. Feza nayo huyeyuka, ila polepole zaidi.

Ili kuzirudisha, MacArthur alipitisha maji yale katika vipande vyembamba vya zinki. Zinki ikayeyuka, zahabu na feza zikaachwa. Leo migodi mingi hutumia makaa ya vifuu vya nazi, ambayo huzinasa. Sianidi hutumiwa Kongo pia, katika mgodi wa Kibali karibu na Watsa, ulioanza kutoa zahabu mwaka 2013.

Matope yanayobaki hukaa katika bwawa, na jua huipunguza sumu yake kidogo kidogo. Bwawa hilo lataka ulinzi. Tarehe 30 Januari 2000, huko Baia Mare katika nchi ya Rumania, mvua na theluji zilijaza bwawa la namna hiyo, ukuta wake ukabomoka. Maji yenye sumu, kadiri ya mita 100,000 za ujazo, yakaingia mitoni, yakavuka mpaka mpaka Hungaria katika mto Tisza, kisha yakafika Danube. Wavuvi wa Tisza wakaona samaki wakielea juu ya maji, tani kwa tani, wamekufa.