Likizo ya kwanza Kisiwani Mafia: Kalenda ya upepo na bamvua hutangulia bei ya chumba

Familia nyingi za bara zinapopanga kwenda kuiona bahari kwa mara ya kwanza huanza kwa kuulizia bei ya chumba. Kwa anayekusudia kwenda Kisiwa cha Mafia, swali hilo linapaswa kuwa la tatu. La kwanza ni mwezi gani wa mwaka, na la pili ni mwezi wa angani utakuwa wa umri gani siku atakazokuwa huko. Mambo hayo mawili ndiyo yanayoamua kama safari ya majini itakuwa ya utulivu, kama papa potwe wataonekana, na hata kama kutakuwa na maji ya kuogelea mbele ya nyumba ya wageni saa nne asubuhi.

Mafia ni wilaya ya Mkoa wa Pwani, mkabala na delta ya Mto Rufiji, na makao yake makuu ni Kilindoni. Upande wa kusini na mashariki wa kisiwa, pamoja na visiwa vidogo vya Chole, Juani na Jibondo, umo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, hifadhi ya bahari ya kwanza nchini, iliyoanzishwa mwaka 1995 na yenye ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 822.

Kwa wazazi wenye watoto shuleni, uchaguzi hubaki kuwa kati ya likizo ya Juni na ile ya Desemba, na tofauti yake si ndogo. Juni ni wakati wa kusi. Hewa ni ya kupendeza na mvua za masika zimekwisha, lakini upepo huvuma kwa nguvu na mawimbi huwa makubwa. Anayekwenda wakati huo huweza kubahatika kuona makinda ya kasa yakitoka mchangani Kisiwani Juani na kukimbilia majini, jambo linaloshuhudiwa zaidi kati ya Juni na Septemba. Desemba joto ni kali na mvua za vuli zaweza kuwa hazijaisha, ila bahari kwa kawaida ni tulivu kuliko wakati wa kusi, kwa kuwa kaskazi ndiyo kwanza inaanza. Huo pia ni msimu wa papa potwe, ambao kati ya Oktoba na Machi huja karibu na fukwe za Kilindoni kufuata vijidudu na uduvi wanaowala. Utafiti uliofanywa kwa kuwafunga vifaa vya kuwafuatilia ulionyesha kuwa baadhi yao hawaondoki Mafia mwaka mzima, bali nje ya msimu husogea mbali na ufukwe na kuzama kina kirefu zaidi. Kwa familia inayokwenda mara ya kwanza, Desemba ina faida zaidi.

Njia ya kufika ni mbili. Ndege kutoka Dar es Salaam hutumia takriban nusu saa. Njia nafuu ni kwenda kwa barabara hadi Nyamisati, Wilaya ya Kibiti, kisha kuvuka kwa chombo cha majini hadi Kilindoni. Hapa ndipo pasipopaswa kubana matumizi. Bandarini abiria anaweza kushawishiwa kupanda chombo cha mbao kilichojaa mizigo kwa sababu kinaondoka mapema au nauli yake ni ndogo. Tarehe 18 Julai, 2012, katika majira hayo hayo ya kusi, meli ya MV Skagit ilizama karibu na Kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Mwaka mmoja kabla yake, ilipozama MV Spice Islander, ilikuwa vigumu kupata hesabu kamili ya waliokuwamo. Kwa sababu hiyo jina la kila msafiri, mtoto mchanga akiwamo, liandikwe kwenye orodha ya abiria, na kila mmoja awe na jaketi okozi linalomtosha. La mtu mzima humvuka mtoto kichwani akiingia majini. Utabiri wa upepo na mawimbi unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania usomwe usiku wa kuamkia safari, na ratiba ya kivuko ithibitishwe kabla ya kuondoka nyumbani, kwani vivuko huenda matengenezo.

Kuhusu mwezi wa angani, maelezo ni mepesi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupanda na kushuka sana. Hiyo ndiyo bamvua, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita meta tatu. Siku hizo maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa karibu saa nne. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Mgeni asiyelijua hilo hufika ufukweni Utende asubuhi, akakuta tope na mikoko, akadhani amedanganywa. Wakati wa maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, tofauti hupungua na mikondo katika Ghuba ya Chole hulegea, hali inayomfaa zaidi anayejifunza kuogelea.

Asiyejua kuogelea hana sababu ya kumkosa potwe. Akiwa ndani ya boti na jaketi okozi lake humwona vizuri, kwani hula karibu na uso wa maji. Anayeshuka majini hatakiwi kumgusa wala kumkatia njia. Kiingilio cha hifadhi kwa raia hutozwa kwa shilingi na ni kidogo kuliko cha mgeni wa nje, hivyo kitambulisho cha Taifa kisisahaulike.

Bajeti ibakize siku moja ya akiba kabla ya kurudi kazini au shuleni, kwa kuwa kivuko kikizuiwa na upepo abiria hulazimika kulala Kilindoni. Siku hiyo isipohitajika kwa dharura, inatosha kuvuka hadi Chole na kukaa hadi magharibi, wakati popo wakubwa wanapoiacha miti yao na kwenda kutafuta matunda.