Alama Moja, Maana Nyingi: Kompyuta na Vitu vya Aina Mbili

Mwanafunzi aandikapo 3 + 4 ubaoni haoni utata wowote katika alama ya kujumlisha. Kesho yake huiandika alama hiyo hiyo baina ya vekta mbili, na kazi yake hubadilika. Hutazama vitu vilivyo kushoto na kulia, ndipo akajua la kufanya.

Kompyuta nayo yaweza kufundishwa desturi hiyo. Katika lugha kama C++, ambayo Bjarne Stroustrup alianza kuiunda mwaka 1979, mwandishi wa programu hubuni aina mpya ya vitu, tuseme Vekta, kisha akaipa alama + au × maana iifaayo aina hiyo.

Ugumu huanza pale vitu viwili vinapokuwa vya aina mbalimbali. Tuchukue v = (3, 5). Zao la v × 2 ni (6, 10), na Vekta, iliyo kushoto, yaweza kulitoa. Je, 2 × v? Kushoto sasa ipo namba kamili, na walioiunda namba hiyo hawakupata kuisikia Vekta yetu. Lugha ya Python huiuliza kwanza aina ya kushoto. Ikikiri kwamba haijui, huulizwa ya kulia. Nayo ikikiri vivyo hivyo, programu husimama na kutangaza kosa. (Aina ya kulia ikiwa imerithi kutoka ile ya kushoto na ina jibu lake yenyewe, mtoto huulizwa kabla ya mzazi. Wazee wetu wasingeukubali mpango huo!)

Mimi nathamini zaidi kule kukiri kutojua. Mwezi Septemba 1999 chombo cha Marekani, Mars Climate Orbiter, kilipotea kilipowasili Mirihi: programu moja huku duniani ilitoa hesabu ya msukumo wa injini kwa ratili-sekunde, nyingine ikaisoma kuwa nyutoni-sekunde. Ratili moja ya nguvu ni takriban nyutoni 4.45. Kwa kompyuta zote zilikuwa namba tupu, na namba tupu hazikatai kitu. Kweli, kosa lile lilipita ndani ya faili, na aina haivuki faili isipoandikwa humo.

Mwalimu mwenye kompyuta aweza kutoa zoezi hili: wanafunzi wabuni aina mbili, Mita na Sekunde. Mita na mita zijumlishwe. Mita na sekunde zikataliwe. Lakini mita zikigawanywa kwa sekunde, itoke aina ya tatu, Mwendokasi.