Risasi tano ndani ya bastola ya matundu sita

Ndugu mfanyakazi, nawe mama unayesoma ukurasa huu pamoja na watoto, leo tunatoka kidogo nje ya mgodi. Tutazungumza juu ya bastola kubwa za zamani, zile zenye silinda inayozunguka. Usishangae. Ndani ya chuma hicho mna fundisho kwa kila mtu anayeshika mashine.

Huko Marekani wako watu wengi wanaokusanya bastola hizo. Wanazitunza ndani ya makabati yenye kufuli, na siku ya mapumziko wanazipeleka kiwanjani kupiga shabaha. Wanatafuta Colt ya mwaka wa 1873, iliyochukuliwa na jeshi la nchi yao. Wanatafuta modeli ya 1917, iliyotengenezwa wakati wa vita kuu ya kwanza. Wanatafuta pia Smith & Wesson ya umbo kubwa iliyotoka mwaka wa 1935 pamoja na risasi ya .357 Magnum. Kwao bastola isiyobadilishwa kitu hata kimoja ndiyo yenye bei kubwa.

Hatari iko wapi?

Tazama Colt ya 1873. Silinda yake ina matundu sita. Nyuma yake iko nyundo, na kwenye uso wa nyundo iko ncha ya chuma. Nyundo ikilala, ile ncha inagusa fataki ya risasi iliyo mbele yake. Bastola ikianguka na kupigwa nyundo yake, risasi inaweza kutoka, hata kama hakuna kidole kilichovuta. Kweli, fundi aliweka mkato wa kuizuia nyundo mbali kidogo na risasi. Lakini mkato huo ni mdogo, nao pigo kali linaweza kuuvunja.

Kwa hiyo watu wenye akili walijiwekea sheria: matundu ni sita, risasi ni tano. Nyundo inalala juu ya tundu tupu. Hivyo ndivyo wanavyofanya hata leo wanaopiga kwa Colt za namna ile. Wanapoteza risasi moja, wanaokoa mguu au maisha.

Kinga iliyozaliwa na kifo

Mwaka wa 1944, wakati wa vita kuu ya pili, bastola ya Smith & Wesson iliangukia sakafu ya chuma ya manowari ya Marekani. Ilikuwa modeli ya umbo la kati, iliyotengenezwa kwa ajili ya jeshi. Risasi ikatoka, baharia akafa. Bastola ile haikukosa kinga. Ilikuwa nayo, lakini kinga haikutosha. Wahandisi wa kiwanda wakakaa chini wakatengeneza kipande kipya cha chuma, kinachosimama mbele ya nyundo mpaka kidole kivute kweli. Baada ya vita, kipande hicho kiliwekwa pia ndani ya bastola zao za umbo kubwa.

Kampuni nyingine, Ruger, ilikuwa inauza bastola zinazofanana na zile za zamani. Mwaka wa 1973 ilibadilisha mtambo wake: tangu hapo nyundo haiwezi kufikisha pigo kwenye risasi kama kidole hakikuvuta. Na zile zilizokwisha kuuzwa? Mwaka wa 1982 kampuni ilitangaza kwamba mwenye bastola ya zamani aipeleke kiwandani, itiwe kinga bila malipo. Vipande vya zamani anarudishiwa.

Lakini wako wanaokusanya waliokataa. Wanasema: «Ikibadilishwa, bei itashuka.» Basi bastola nyingi za kabla ya 1973 zinazunguka bado bila kinga, zikitoka mkono huu kwenda mkono ule. Nyingi zinajulikana kwa skrubu tatu zilizo ubavuni. Mzee aliyeinunua alijua sheria ya risasi tano. Je, mtoto wake atakayeirithi anaijua?

Hapo ndipo fundisho letu. Mashine ya zamani haimwambii mtu mpya siri yake. Mwendeshaji wa zamani anajua kwamba kizuizi kimelegea, kwamba kifuniko cha mkanda kiliondolewa. Anapita kwa uangalifu kila siku, haandiki, hasemi. Siku anapostaafu, maarifa yake yanakwenda naye nyumbani, na hatari inabaki kazini.

Shika haya:

1. Ukipewa mashine usiyoizoea, uliza kwanza: ni kitu gani kinachoizuia isijiwashe yenyewe?

2. Kifuniko au kizuizi kisiondolewe kwa sababu ya kuharakisha kazi. Kikivunjika, simamisha mashine, mwambie mkubwa wako.

3. Ukijua kasoro ya mashine, mwambie anayekufuata zamu. Iandike pia kwenye kitabu cha zamu.

4. Kinga ikiwekwa, bado fanya kazi kama kwamba haipo. Wapiga shabaha nao wana desturi hii: kila silaha ihesabiwe kuwa ina risasi, mtutu usielekezwe kwa mtu, kidole kisiguse kifyatuo kabla ya wakati.

5. Mama, wafundishe watoto: wakiona bastola, risasi au chuma cha vita wasichokijua, wasiguse. Waondoke, wamwite mtu mzima.

Risasi ya sita iliyoachwa haikumfanya mtu yeyote kuwa maskini. Vivyo hivyo dakika tano za kukagua mashine hazitapunguza mshahara wako. Kifuniko kirudi mahali pake, nawe rudi nyumbani mzima.