Kioo cha bei kubwa, waya dhaifu: Hasara kwa mwenye duka

MFANYABIASHARA wa Mitundu, katika Halmashauri ya Itigi mkoani Singida, anayetumia fedha za tumbaku au alizeti kufungua steshonari, hununua vifaa vyake mbali. Kioo cha kompyuta cha 4K kikifika na picha ikawa inakatika, nauli ya kukirudisha ni hasara nyingine. Hata hivyo, mara nyingi kioo hakina kosa. Tatizo ni waya au kompyuta yenyewe.

Kioo cha kawaida cha 1080p kina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, jumla kama milioni mbili. Cha 4K kina 3,840 kwa 2,160, yaani mara nne zaidi. Kila nukta huhitaji biti 24 za rangi, na picha huchorwa upya mara 60 kwa sekunde. Hivyo biti zipatazo bilioni 12 lazima zipite kila sekunde. Waya ni kama mfereji wa bustani: maji yakizidi upana wake, hayafiki shambani.

Tundu la HDMI toleo la 1.4 la mwaka 2009, ambalo limo katika kompyuta nyingi za mitumba, lina kikomo cha biti bilioni 10.2. Hapo picha ya 4K hushuka hadi mara 30 kwa sekunde, na mshale wa mausi huonekana ukirukaruka. Toleo la 2.0 la mwaka 2013 hubeba bilioni 18, na linatosha. Kifaa cha kuunganishia hakiongezi uwezo wa kompyuta.

Kabla ya kulipa, mnunuzi aulize toleo la tundu la kompyuta yake. Achague waya mfupi, wa mita mbili hivi, wenye maandishi ya Premium High Speed, kwa kuwa kadiri waya unavyorefuka ndivyo mawimbi yanavyofifia. Kisha avijaribu vyote pamoja palepale dukani.

Aidha, apime kazi yenyewe. Barua, fomu za shule na mahesabu ya chama cha msingi husomeka vizuri kwa 1080p. Anayehariri picha na video za harusi anaweza kufaidika na 4K. Kwa wengine, tofauti ya bei ingenunua karatasi na wino, bidhaa zinazorudisha fedha mapema.