Fidia ya Gari Kuukuu Linalozidi Thamani Yake kwa Gharama za Matengenezo: Tatizo la "Bei ya Soko" Wilayani Kibondo

Bima ndogo, ambayo ndiyo ya lazima kisheria nchini Tanzania, hulipia madhara wanayopata watu wengine. Gari la mkata bima mwenyewe halimo. Mjadala huu, basi, unahusu bima kubwa, ambayo kanuni yake ni kumrejesha mkata bima katika hali aliyokuwa nayo kabla ya ajali, si kumtajirisha.

Tuchukulie gari aina ya Probox lililokatiwa bima ya shilingi 12,000,000. Thamani yake sokoni ni 9,000,000, matengenezo yanahitaji 11,000,000, na mabaki yanauzika kwa 2,000,000. Mwenye gari hulipwa 9,000,000, au 7,000,000 akibaki na mabaki, kabla ya kukatwa sehemu ya hasara anayojibebea. Zile 12,000,000 ni ukomo wa malipo tu, ingawa ada ilitozwa juu yake.

Ugumu, kwa maoni yetu, umo katika neno "soko". Bei ya yadi za Dar es Salaam haina gharama ya kulifikisha gari Kibondo, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000. Mkadiria hasara akiishikilia bei hiyo, fidia haitoshi kununua gari la namna ileile pale Kibondo, na kanuni haijatimia. Mkataba usiotaja soko linalokusudiwa humwachia yeye uamuzi. Asiyeridhika hubaki na njia ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.