Nesi wa mtaani, unataka kwenda majuu? Anza hivi

Uko Kayole au Umoja, cheti cha uuguzi kimelala kabatini, na kila wiki kuna ajenti mpya anayekuambia, “Lipa tu, utapaa.” Tulia kwanza.

Julai 2021, Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba wa kuajiri wauguzi wetu. Ila Oktoba mwaka huo, Mutahi Kagwe, aliyekuwa Waziri wa Afya, alisema kati ya 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, 10 pekee ndio waliopita. Basi anza hapo: jiandae kwa IELTS au OET kabla ya kuwaza ndege.

Pili, hakikisha leseni yako ya Baraza la Wauguzi (NCK) haijaisha muda. Tatu, mtihani wa NMC wa kompyuta unaweza kuufanyia hapa Nairobi. Ule wa vitendo, OSCE, ni huko Uingereza.

Na ajenti? Mtafute kwenye orodha ya NEA. Kanuni za Uingereza zinakataza kumtoza muuguzi ada ya kutafutiwa kazi. Akiitisha pesa ya “kushikilia nafasi”, usimwambie mama auze shamba. Toka uende zako.